Kibanio cha Kidole Kilichosema 94: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ukerewe

Kifaa kililetwa Mwanza kwa meli kutoka Nansio, kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Juu ya bahasha muuguzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Fundi, kinadanganya. Tafadhali kipime." Ndani mlikuwa na oksimeta moja, ile ndogo ya kubana kidole inayosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, pamoja na betri zake mbili zilizotolewa na kuviringishwa kwenye karatasi. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na malalamiko ya aina hii nayapokea mara kwa mara kutoka vituo vya kando ya ziwa. Mara nyingi jibu huwa betri, au uchafu kwenye kioo cha taa, au waya uliochoka. Safari hii haikuwa kimojawapo cha hivyo, na kwa sababu hiyo nimekaa kuandika.

Mgonjwa mwenyewe ameridhia kisa chake kielezwe, ila jina lake na la kituo yabaki pembeni. Nitamwita Mama.

Mama ana umri wa miaka arobaini na kitu, kazi yake ni kuanika na kuuza dagaa. Alifika kituoni jioni akiwa na siku ya nne ya kikohozi na homa, na kifua kikimchoma upande wa kulia kila alipovuta pumzi. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amemwoza binti yake, kwa hiyo mikono yake ilikuwa bado na maua ya piko, na kucha zimekolea weusi. Muuguzi alipombana kidole cha shahada, kifaa kilitafuta weee, kisha kikaonyesha vistari tu. Hakushangaa. Alishafundishwa kwamba rangi ya kucha, hina na piko huzuia mwanga, basi akaipekua mikono yote miwili mpaka akapata kidole kimoja ambacho mpakaji alikiruka, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Akakibana hicho. Kifaa kikatulia na kusema 94.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu baadaye wengi waliosikia kisa hiki walimlaumu muuguzi na ile piko. Muuguzi alifanya sawasawa kabisa. Namba ile ilitoka kwenye kidole kisafi.

Vipimo vingine alivyoandika saa ile ni hivi: joto 39.1, mapigo ya moyo 118, pumzi 32 kwa dakika. Ile ya pumzi naomba msomaji aishike, nitairudia.

Katika wodi hiyohiyo alikuwapo mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia, kifua kinabonyea anapohema, oksimeta ikimsoma 86. Kituo kina konsentreta moja, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, ya lita 5 kwa dakika. Mtoto 86, mtu mzima 94. Tabibu alimpa mtoto mashine, na nani angeamua vingine? Mama akaanzishiwa sindano za antibiotiki na dripu, akalazwa karibu na dirisha apate hewa. Usiku wa manane kibanio kilisema 93. Saa kumi na moja alfajiri kilisema 94.

Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipofanyika. Meli ya asubuhi ya kwenda Mwanza ilikuwa inakaribia, na tabibu alisimama mlangoni akijiuliza kama ampe Mama rufaa. Kipimo alichokuwa nacho kichwani ni kile kinachotumiwa na wengi: chini ya 90, mpe oksijeni na umsafirishe, juu ya hapo, tibu na uangalie. Mama alikuwa juu, na juu kwa nafasi ya kutosha. Meli iliondoka bila yeye.

Mchana, Mama alianza kumwita binti yake kwa jina la marehemu dada yake. Binti alitoka wodini analia. Muuguzi akambana tena kidole: 92. Tabibu aliniambia baadaye kwa simu, "Fundi, nilikitupa kile kifaa kitandani nikamwangalia mtu." Akaona pua zinapanuka, misuli ya shingo inavuta, na sentensi zinakatika katikati. Mtoto alikuwa amepata nafuu ya kuachishwa mashine kwa muda, hivyo Mama akapewa oksijeni wakati gari linatafutwa.

Meli ya siku hiyo ilikuwa imeshakwenda, ikabidi wazunguke: Rugezi, kivuko hadi Kisorya, kisha Bunda, kisha lami mpaka mjini. Kwa ardhi safari hiyo ni kama kilomita 240. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ya mradi wa DHL, Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ ilijaribiwa kwa miezi sita kupeleka dawa Ukerewe, na iliruka kilomita 60 kuvuka maji kwa wastani wa dakika 40. Nilikuwa miongoni mwa waliofurahia sana habari ile. Lakini ndege ya namna hiyo hubeba dawa na sampuli, haibebi mama anayehema. Yeye alikwenda kwa gari lisilo na mtungi wa oksijeni.

Walifika hospitali kubwa usiku. Wakati barakoa ya oksijeni inaandaliwa, monita ya kitandani ilimsoma 91. Dakika hiyohiyo walitoa damu kwenye ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, ya kifundo cha mkono na kuipitisha kwenye mashine ya gesi za damu. Jibu lilikuwa 84.

Mashine mbili, mtu mmoja, dakika moja, na tofauti ya saba. Ya kwanza ilipima kwa mwanga kupitia ngozi. Ya pili ilipima damu yenyewe.

Kwenye meza yangu

Nilianza na yale ya kawaida. Betri mpya, kusafisha taa na kipokezi, kukagua bawaba isilegee. Kisha nikakiweka kwenye simuleta, kidole bandia cha mafundi kinachoigiza mapigo. Nilipoweka 97 kikasoma 97, nilipoweka 90 kikasoma 90, nilipoweka 80 kikasoma 81. Kwa taratibu zetu kifaa kile ni kizima, na ningekibandika stika ya kijani na kukirudisha Nansio kwa meli inayofuata.

Sikukirudisha, kwa sababu nilikuwa nimeshaisikia ile 84 na monita ya hospitali iliyosema 91. Vifaa viwili vya watengenezaji tofauti visingeharibika kwa namna ileile, kuelekea upande uleule, kwa mtu yuleyule. Ikanibidi nirudi kwenye swali ambalo shuleni tulilipita haraka: oksimeta inajuaje?

Ndani ya kibanio mna taa mbili, moja nyekundu yenye mawimbi ya nanomita 660 hivi, nyingine ya infraredi ya nanomita 940 hivi. Damu iliyobeba oksijeni na isiyobeba humeza mwanga huo kwa viwango tofauti. Mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyegundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba ukifuatilia tu ile sehemu ya mwanga inayopandashuka na mapigo ya moyo, unaweza kuitenga damu ya ateri na vingine vyote: ngozi, nyama, mfupa, damu ya vena. Ni ugunduzi wa heshima kubwa, na umeokoa watu wasiohesabika katika vyumba vya upasuaji. Aoyagi alifariki Aprili 2020, miezi ileile dunia nzima ilipokuwa inagombania vibanio hivi kwa sababu ya Uviko-19.

Ila kifaa hakihesabu oksijeni moja kwa moja. Kinapata uwiano wa taa zile mbili, halafu kinaupeleka kwenye jedwali lililohifadhiwa ndani yake: uwiano fulani, asilimia fulani. Na jedwali hilo halikutoka kwenye kanuni ya fizikia. Lilitoka kwa watu. Watengenezaji huchukua watu wazima wenye afya waliojitolea, huwavutisha hewa yenye oksijeni pungufu hatua kwa hatua, huwatoa damu ya ateri, na kulinganisha. Namba ninayosoma kwenye kidole cha mtu wa Ukerewe ni kumbukumbu ya vidole vya watu waliokaa kwenye maabara mbali sana na hapa.

Simuleta yangu hailijui hilo. Inahakiki kwamba taa zinawaka, kipokezi kinaona na jedwali linasomwa inavyotakiwa. Haina ngozi. Nimebandika stika za kijani kwa miaka nikidhani nathibitisha ukweli wa kipimo, kumbe nilikuwa nathibitisha kwamba kifaa kinalitii jedwali lake.

Vidole vya nani

Kwa kanuni, ngozi haipaswi kuharibu hesabu, maana haipigi kama mshipa. Kwa vitendo haiko hivyo. Melanini, ile inayotupa weusi wetu, humeza mwanga mwekundu zaidi ya infraredi. Taa zenyewe hazitoi wimbi moja safi, bali mtandazo wa mawimbi, na melanini inapochuja mtandazo huo inabadilisha rangi inayofika kwenye damu. Mwanga unaorudi pia unakuwa hafifu. Matokeo yake, kifaa huelekea kusoma juu ya ukweli, na kosa hukua kadiri oksijeni inavyoshuka. Yaani kinakosea zaidi pale hasa unapokihitaji.

Habari hii si mpya. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Jubran na Tobin, waliwapima wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia wakaona kwamba lengo la 92 lililowatosha wagonjwa weupe halikuwatosha weusi, ambao walihitaji 95. Mwaka 2005 maabara ya San Francisco ikaonyesha kosa hilo kwa watu wenye ngozi nyeusi pale oksijeni iliposhushwa. Kisha kimya. Vifaa viliendelea kutengenezwa, kuuzwa na kutolewa msaada.

Kimya kilivunjika Desemba 2020, pale Sjoding na wenzake wa Michigan walipochapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine. Walichukua vipimo vya jozi, kibanio na damu ya ateri, wakatazama wagonjwa ambao kibanio kiliwasoma kati ya 92 na 96. Katika vipimo vya wagonjwa weusi, asilimia 11.7 vilikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Mama, kwa 91 yake ya kibanio na 84 ya damu, alikuwa nukta moja tu nje ya kundi hilo la kwanza.

Baada ya hapo mambo yalianza kusogea. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari mwaka 2021. Uingereza iliunda jopo huru chini ya Margaret Whitehead, na ripoti yake ya Machi 2024 ikakiri kwamba kosa lipo na linaweza kuwaumiza watu. Januari 2025 FDA ikatoa rasimu ya mwongozo mpya. Ule wa zamani, wa 2013, uliridhika na watu 10 wa majaribio, wawili kati yao wawe na ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya wote. Rasimu mpya inataka watu 150 au zaidi, na rangi zao zipangwe kwa mizani ya Monk, yenye ngazi kumi za rangi ya ngozi, iliyotungwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Harvard.

Wawili kati ya kumi. Nilisoma mstari huo mara tatu. Kwa kipimo hicho vilipitishwa vifaa ambavyo leo vinaning'inia shingoni mwa wauguzi kuanzia Musoma hadi Bukoba. Na hivyo ndivyo vilivyopita mlango wa hospitali, maana wakati wa Uviko-19 maduka ya dawa yalijaa vibanio vinavyouzwa kama vifaa vya mazoezi na afya ya jumla, ambavyo FDA haivikagui usahihi kabisa.

Rasimu si sheria, na ya Marekani haitufungi sisi. Kwetu dhamana ya vifaa tiba iko kwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo 2019 kutoka TFDA. Lakini soko letu hula kinachopikwa huko. Mtengenezaji akilazimika kupima watu 150 wa rangi zote ili auze Marekani, kifaa kitakachofika Mwanza nacho kitakuwa kimepimwa hivyo. Asipolazimika, hakitapimwa.

Nirudi kwa Mama, kwa sababu sitaki ngozi ibebeshwe mzigo wote. Alfajiri ile alikuwa karibu na dirisha, upepo wa ziwa unaingia, mikono yake baridi. Damu ikipungua kwenye vidole ishara hudhoofika, na tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba ngozi nyeusi pamoja na mzunguko hafifu wa damu vidoleni hulikuza kosa kuliko kimoja peke yake. Ile 94 ya jioni huenda ilikosea kidogo. Ile ya alfajiri, naamini, ilikosea sana. Kupasha mkono joto kwa dakika chache kabla ya kubana ni jambo lisilogharimu senti, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Halafu kuna kosa la kawaida la kifaa, lisilo na rangi. Vibanio vizuri huruhusiwa kupotoka takribani asilimia 3, na hata hapo ni kwa theluthi mbili tu ya vipimo. Vilivyobaki vinaweza kupotoka zaidi. 94 haijawahi kuwa 94. Ni mahali fulani kati ya 91 na 97, ukiwa na bahati.

Basi turudi kwenye ile 32. Pumzi zilihesabiwa kwa saa ya ukutani na macho ya muuguzi, na zilikuwa na dalili yote tangu saa ya kwanza. Mtu mzima aliyelala ambaye anavuta pumzi 32 kwa dakika anapigania kitu. Namba mbili ziliandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari, moja ikisema yuko sawa, nyingine ikisema hayuko sawa, na tukaiamini yenye taa. Nasema "tukaiamini" nikijihesabu, kwa kuwa mafunzo ya kile kifaa niliyatoa mimi, na sikusema neno hata moja juu ya namba mbili zinapopingana.

Tulichobadilisha, na tusichoweza

Wenzangu wengine walipendekeza jambo jepesi: tupandishe mpaka kutoka 90 hadi 94, kila aliye chini yake apewe oksijeni. Naelewa nia yao, lakini kituo kina konsentreta moja. Ukipandisha mpaka bila kuongeza oksijeni unarefusha foleni tu, na yule mtoto wa 86 anaweza kujikuta nyuma ya mtu mwenye 93 ya kweli. Tabibu na mimi tulikubaliana jingine. Kati ya 90 na 95 namba haitoi uamuzi peke yake. Hapo zinahesabiwa pumzi kwa dakika nzima, mkono unapashwa joto, kipimo kinarudiwa kwenye kidole kingine, na inaangaliwa inaelekea wapi toka mara ya mwisho. Pumzi zikiwa 30 au zaidi, mgonjwa anaandaliwa rufaa hata kama kibanio kinatabasamu.

Na kuna kitu kidogo ambacho kingekuwepo usiku ule, mjadala wa nani apewe mashine usingetokea. Mtoto wa miaka miwili hutumia lita moja au mbili kwa dakika. Konsentreta ya lita 5 ina ziada. Kinachohitajika ni kigawanyo, bomba lenye matawi na mita ya mtiririko kwa kila tawi, ili watu wawili wapumulie mashine moja. Nilikipeleka mwenyewe na kukifunga. Wiki hiyohiyo kilitumika kwa ndugu wawili waliolazwa pamoja.

Mama alikaa hospitali siku tisa akarudi nyumbani. Nilimwona Nansio nilipokwenda kufunga kile kigawanyo. Piko ilikuwa imebaki kwenye ncha za kucha tu, zilizokuwa zimekua. Alinisalimu, nikamwamkia, akauliza kama mimi ndiye fundi wa kile kifaa. Nikasema ndiye. Akauliza kama sasa kimepona. Nilimweleza kwamba hakikuwa kibovu, ila hakikufundishwa kwenye vidole kama vyake na vyangu. Alinyamaza kidogo, akanyoosha mkono wake akautazama, akasema, "Sasa mwanangu, kwani sisi tuko wachache?"

Kituo kimeamua kununua oksimeta nyingine mbili, nami niliombwa kuandika vigezo. Chini ya betri, dhamana na vipuri nikaongeza mstari ambao sijawahi kuuandika: muuzaji aeleze kifaa kilipimwa kwa watu wangapi, na wangapi kati yao wana ngozi nyeusi. Wauzaji watatu walileta bei. Wawili waliacha nafasi hiyo tupu. Wa tatu aliomba siku nne, akawaandikia watengenezaji, akaleta karatasi ya ukurasa mmoja. Washiriki 12, wenye ngozi nyeusi 2.

Tumenunua hicho cha tatu.